Ulevi Nyuma ya Usukani: Sheria Yasemaje?

Kina mama wenye waume na wana madereva huko Migori na Homa Bay, yafaa tuijue sheria kabla haijatubishia hodi.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya chamtia hatiani aliyelewa hata asiweze kukimudu chombo, akiwa anakiendesha, anajaribu kukiendesha, au amekishika tu barabarani. Mwenye bodaboda naye yumo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Na kwa kawaida huzuiwa kuendesha kwa miezi 12. Akiua mtu kwa uendeshaji wa hatari, tuseme baina ya Homa Bay na Rongo, kifungu cha 46 chafikisha kifungo miaka 10.

Sheria ya nchi humngoja mlevi ashindwe. Aya ya 90 ya Suratul Maida hukata mzizi wenyewe.

Na faini hutoka wapi? Aghalabu ni karo ya watoto na dhahabu ya mama. Basi mke afichaye ufunguo wa mume aliyelewa hakumvunjia heshima, amehifadhi nafsi. Mwenyezi Mungu atusalimishie safari zetu. Amin.