Behewa Lako Liko Wapi?

Siku moja darasani kwetu Newala niliandika neno BEHEWA ubaoni. Mama mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, huku hatuna treni. Behewa la nini?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana alisema kweli. Kutoka Newala mpaka kwenye reli inayofanya kazi ni safari ya siku nzima kwa basi.

Lakini babu mmoja aliyekaa nyuma akamjibu, "Treni ilikuwepo, mwanangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Babu naye alisema kweli. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, walijenga reli ya kwenda Nachingwea. Baadaye reli hiyo iliunganishwa na bandari ya Mtwara, na tawi lake likafika Masasi. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951. Reli iliendelea kidogo kubeba mazao na mizigo mingine, lakini mzigo haukutosha kulipia gharama. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Leo korosho zetu zinakwenda Mtwara kwa malori.

Basi nikamgeukia yule mama. Nikamwuliza, "Mama, nyumbani una madumu mangapi ya maji?"

"Sita."

"Yako wapi sasa hivi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mawili yako nyumbani. Moja yuko nalo binti yake kwenye foleni ya bomba. Moja liko kwa shemeji yake. La tano lilikwenda kwenye harusi. Hapo akanyamaza. La sita hakulijua kabisa.

Nikamwambia, "Mama, sasa umeelewa shida kubwa ya watu wa reli."

Madumu na mabehewa

Wazee wa uwanda wa Makonde wanajua taabu ya maji. Zamani watu walishuka bondeni kuchota, wakapanda mlima na mzigo kichwani. Mwenye madumu sita hakupata maji mengi kwa sababu ya hayo madumu sita. Alipata maji kulingana na mara ngapi kila dumu lilikwenda na kurudi. Dumu lililolala kwa jirani siku tano halileti maji, hata kama ni jipya.

Behewa ni hivyo hivyo. Behewa ni lile gari lenye magurudumu ya chuma linalovutwa na kichwa cha treni. Halina injini yake. Likipakiwa Dar es Salaam, linavutwa, labda mpaka Mwanza. Linafika, linangoja kushushwa. Likishushwa, linangoja mzigo wa kurudi, au linangoja kichwa cha kulivuta likiwa tupu. Halafu linarudi na kupakiwa tena. Muda wote huo, kutoka kupakiwa mara ya kwanza mpaka kupakiwa mara ya pili, huitwa mzunguko wa behewa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Huu ni mfano tu. Shirika lina mabehewa 600. Mzunguko wa kila behewa ni siku 30. Gawa 600 kwa 30, unapata 20. Maana yake kila siku yanapatikana mabehewa 20 ya kupakia. Sasa tuseme mzunguko umepungua mpaka siku 20. Gawa 600 kwa 20, unapata 30. Mabehewa ni yale yale, lakini kila siku unapakia 10 zaidi. Kama mzunguko ungebaki siku 30, ili upakie mabehewa 30 kila siku ungehitaji mabehewa 900. Yaani ungenunua mengine 300!

Na safari yenyewe sehemu kubwa siyo mwendo. Behewa linaweza kukimbia siku tatu nne tu, halafu likasimama wiki tatu. Linasimama kwa sababu makaratasi hayajafika. Linasimama kwa sababu gurudumu limeharibika na fundi hana habari. Au mwenye mzigo hana ghala, akaona heri bidhaa zikae humo humo kwenye behewa. Wako wafanyabiashara wenye tabia hiyo, na watu wa reli wanaijua sana. Ndiyo maana mashirika ya reli hutoza faini kwa anayechelewesha behewa. Lakini utamtozaje faini mtu kama hujui behewa lako liko kwake?

Mbolea ya mwaka 1978

Msidhani hii ni shida ndogo ya makarani. Iliwahi kutikisa siasa za nchi zetu.

Mwaka 1973 mpaka kati ya Zambia na Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ulifungwa. Rhodesia ilikuwa ikitawaliwa na walowezi, na Zambia haikutaka mizigo yake ipite huko. Ndipo reli ya TAZARA ikawa tumaini kubwa. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Wachina walituasaidia kuijenga, na ilikabidhiwa mwaka 1976.

Miaka miwili tu baadaye, mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa imelundikana bandarini Dar es Salaam huku msimu wa kupanda unakaribia. Sababu zilikuwa nyingi. Bandari ilijaa. Vichwa vya treni vilikuwa vibovu. Na mabehewa yaliyovuka kwenda Zambia hayakurudi haraka. Mwezi Oktoba 1978 Rais Kaunda aliamua kuifungua tena njia ya reli ya kusini, ile inayopita Rhodesia. Uamuzi ule uliwasikitisha viongozi wenzake, Mwalimu Nyerere akiwemo. Lakini mkulima akikosa mbolea wakati wa mvua, amekosa mwaka mzima. Sisi wa korosho tunalijua hilo. Salfa ikifika baada ya ubwiriunga kula maua, ya nini tena?

Upande wa reli ya kati mambo hayakuwa mepesi. Kabla ya mwaka 1977 mabehewa yalikuwa ya shirika moja la nchi tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, ugomvi wa kugawana mali ukaanza, mabehewa yakiwemo. Mkataba wa kumaliza ugomvi ulitiwa sahihi mwaka 1984. Hata baada ya hapo, behewa la Tanzania lingeweza kupakiwa kwenye meli kule Mwanza, likavuka Ziwa Victoria mpaka Port Bell nchini Uganda. Likishafika nchi ya watu, nani analiangalia?

Kwa daftari, kisha kwa kompyuta

Zamani kazi ya kufuatilia mabehewa ilikuwa ya daftari na simu. Kila behewa limeandikwa namba ubavuni. Treni ikiingia, karani anapita kando yake na daftari anaandika namba moja moja, hata usiku, hata mvua ikinyesha. Mkuu wa stesheni anapiga simu makao makuu: nina mabehewa kadhaa yenye mzigo, kadhaa matupu, kadhaa mabovu. Kasoro yake ni kwamba habari zilikuwa za jumla. Makao makuu walijua stesheni fulani ina mabehewa 40. Hawakujua ni yapi, ya nani, wala yamekaa siku ngapi. Tena simu ikikatika, habari zimekatika.

Miaka ya 1990 reli zetu zilianza kutumia programu ya kompyuta iitwayo RailTracker. Ilitengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulika na biashara na maendeleo. Shirika la Reli Tanzania liliipokea, na TAZARA, na reli za Kenya, Uganda na Zambia pia. Kazi yake ni rahisi kueleza. Treni ikiondoka, karani anaandika kwenye kompyuta namba za mabehewa yake yote, mzigo uliomo, mwenye mzigo na unakokwenda. Habari zile zinatumwa mbele. Stesheni isiyo na kompyuta inapeleka habari kwa simu au redio kwa ile iliyo nayo. Sasa mtu wa makao makuu akiuliza, "Behewa hili liko wapi?" anajibiwa kwa namba yake. Zaidi ya hapo anaweza kuuliza, "Nionyeshe yote yaliyosimama zaidi ya siku kumi." Kwa maoni yangu swali hilo la pili ndilo lenye faida zaidi.

Lakini kompyuta haioni behewa. Inajua kile tu ilichoambiwa na karani. Karani akilala, kompyuta nayo imelala.

Ndiyo maana utaratibu wa namna hii hauaminiwi kabla ya kujaribiwa. Kwa muda fulani daftari na kompyuta hufanya kazi pamoja. Jioni watu wanalinganisha. Halafu siku moja wafanyakazi wanatumwa kutembea yadi nzima, wanahesabu mabehewa kwa macho na kuandika namba zake, na karatasi zao zinawekwa kando ya orodha ya kompyuta. Hapo ndipo aibu zinapojitokeza. Mnasikia habari za wafanyakazi hewa, wanaolipwa mshahara na hawapo. Yapo na mabehewa hewa! Kwenye kompyuta lipo, relini halipo. Na yapo mengine yaliyosahauliwa kwenye njia ya pembeni, nyasi zimeota mpaka kwenye magurudumu, na kwenye orodha hayapo.

Kosa la tarakimu moja

Makosa mengi hutoka kwenye namba. Karani ameona 7, ameandika 1. Ninyi mliomaliza kisomo mnajua jinsi 7 na 1 zinavyofanana mwandiko ukiwa wa haraka. Wataalamu walitafuta dawa, nayo ni tarakimu ya ukaguzi. Tufanye yetu ndogo.

Namba ya behewa ni 427. Jumlisha: 4 na 2 na 7 ni 13. Chukua tarakimu ya mwisho ya 13, yaani 3, uiandike mwishoni. Namba sasa ni 4273. Karani akikosea akaandika 4283, kompyuta inajumlisha 4 na 2 na 8, inapata 14. Mwisho ingetakiwa kuwa 4, kumbe ni 3. Inakataa: "Andika upya."

Kijana mmoja darasani alinibana hapo. Alisema, "Mwalimu, karani akigeuza, akaandika 2473?" Jumla ni 13 ile ile. Kompyuta imedanganyika! Nilifurahi sana kwa swali lile. Ni kwa sababu hiyo hesabu inayotumika kweli huzidisha kila tarakimu kwa namba yake kabla ya kujumlisha, ili nafasi ya tarakimu nayo ihesabiwe. Mabehewa ya Ulaya yana tarakimu 12, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Hata hapa kwetu unaweza kuiona. Ukifika bandarini Mtwara, tazama makontena. Kila moja lina herufi 4 na tarakimu 7. Ile ya 7, ambayo mara nyingi imezungushiwa kisanduku, ni ya ukaguzi.

Wengine walitaka kumwondoa karani kabisa. Wamarekani, katika miaka ya 1960, walibandika mistari ya rangi kwenye ubavu wa kila behewa. Mashine kando ya reli iliisoma mistari hiyo treni ikipita. Utaratibu uliitwa KarTrak. Kwenye majaribio ulifanya vizuri. Lakini uliposambazwa nchi nzima, vumbi, matope na moshi viliipaka mistari ile, na wenye mabehewa hawakuisafisha. Ikafika hali kwamba karibu behewa moja kati ya matano halisomeki. Mwaka 1977 wakaacha. Fedha nyingi zilikuwa zimeshatumika. Nadhani aliyejaribu kwa mistari mipya iliyooshwa hakujaribu kweli. Angeijaribu baada ya mwaka mmoja wa vumbi.

Miaka ya 1990 Wamarekani hao hao walifunga vibati vidogo vya redio. Mashine inapeleka mawimbi, kibati kinajibu namba yake. Uchafu haukizuii. Siku hizi vipo pia vyombo vinavyopata habari kutoka kwenye satelaiti na kueleza behewa lilipo hata likiwa porini.

Sisi wa Masasi na Newala bado hatuna reli. Upo mpango wa siku nyingi wa kujenga reli kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Wakati tunangoja, hesabu ya mzunguko inafaa hata kwa lori la chama cha msingi, hata kwa magunia matupu ya korosho.

Yule mama alirudi darasani wiki iliyofuata. Dumu la tano lilikuwa bado huko huko harusini. La sita limepatikana. Lilikuwa kwa jirani, limejaa uraka.