Utafiti Ufike Hadi Kitandani

Wataalamu wakishagundua jambo la kuokoa maisha, nani atalifikisha nyumbani kwetu? Katika miaka ya 1990 utafiti, ukiwemo wa Kilifi, Kenya, ulithibitisha kuwa chandarua chenye dawa hupunguza vifo vya watoto. Lakini majibu yaliyofungiwa kabatini hayazuii mbu.

Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Tanzania, njia ya kuwafikia watu ilipangwa mapema. Kwanza wananchi waliulizwa mawazo yao juu ya vyandarua na dawa, kisha likachaguliwa jina: Zuia Mbu. Mauzo yalianza mwaka 1997. Vijiji 18 vya mwanzo vilikuwa na mawakala 31: wenye maduka 15, viongozi wa vijiji 14, mhudumu wa afya mmoja na paroko mmoja. Vijana 37 walifundishwa kazi ya kutia dawa. Mwaka wa kwanza viliuzwa vyandarua 22,410. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walinusurika kwa asilimia 27 zaidi.

Basi watafiti wakija kijijini kwetu, tuwapokee vizuri, lakini tuwaulize mapema: majibu tutayapata lini, kwa lugha gani, na kwa mkono wa nani?