Matoleo ya Maktaba za Programu

Taarifa za huduma za afya kutoka sehemu kama Matombo, katika Milima ya Uluguru, hujumlishwa kitaifa kwa programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, iliyoandikwa katika lugha ya Java. Makosa yakiingia katika programu, hesabu za wagonjwa nazo huharibika.

Programu kubwa haiandikwi yote upya. Huazima vipande vilivyokwisha tengenezwa na wengine, na mkusanyo wa vipande hivyo huitwa maktaba. Kila toleo la maktaba hupewa namba, kwa mfano 2.14.1. Kwa kawaida, namba ya kwanza huonyesha badiliko kubwa, ya pili nyongeza, na ya tatu sahihisho.

Siku hizi kompyuta yenyewe hukusanya maktaba na kuunda programu. Ikiagizwa kuleta toleo jipya kabisa, programu ya leo yaweza kutofautiana na ya jana, ingawa mwandishi hakugusa herufi hata moja. Tena, maktaba mbili zikihitaji matoleo tofauti ya maktaba ya tatu, chombo cha Maven huchagua moja tu, na huenda lisifae.

Dawa ni kuandika namba kamili ya kila toleo. Desemba 2021 ilitangazwa hitilafu katika maktaba ya Log4j iliyowawezesha wavamizi kuendesha amri zao katika kompyuta za wengine. Toleo 2.14.1 lilikuwa nayo. Waliotunza orodha walijua mara moja la kubadilisha. Wengine walianza kutafuta.

Mwanafunzi katika maabara huandika vipimo vya kemikali ili jaribio liweze kurudiwa. Mwunda programu naye hana budi kufanya hivyo.