SANDUKU LA SPIKA YA SAUTI NZITO KATIKA GARI

Toeni daftari, penseli na rula. Somo letu la leo ni la useremala, hesabu na sauti, yote kwa pamoja.

Ukivuka kwa chombo kutoka Makoongwe ukashuka Mkoani, utazikuta gari za abiria zikipiga muziki. Gari moja mdundo wake ni mzito na safi. Nyingine yanguruma tu, hata maneno ya mwimbaji hayasikiki. Huenda spika zao ni za namna moja na bei moja. Aghalabu tofauti imo katika sanduku. Spika ya sauti nzito, ambayo vijana huiita sabufa, haifanyi kazi peke yake. Mwenye gari akinunua spika ya fedha nyingi, kisha sanduku likaundwa kwa kubahatisha, fedha hizo zimekwenda na maji.

Kwa nini sanduku?

Sanduku na sauti nzito si jambo geni kwetu. Katika kidumbaki cha Unguja, iko ala iitwayo sanduku: ni sanduku la chai lililotiwa mti na uzi mmoja. Ukiupiga uzi ule bila ya sanduku, sauti ni ndogo sana.

Sanduku la spika lina kazi nyingine. Utando wa spika ukienda mbele, husukuma hewa ya mbele. Wakati huo huo huivuta hewa ya nyuma. Hewa hizi mbili zikikutana, huuana, na mdundo hupotea. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 8 na nusu hivi. Wimbi refu kama hilo huizunguka spika kwa urahisi. Basi sanduku ni ukuta wa kutenga mbele na nyuma.

Namna ya kwanza: sanduku lililozibwa

Sanduku hili halina tundu ila la spika. Hewa iliyofungwa ndani hufanya kazi ya springi: utando ukiingia ndani, hewa huurudisha. Sauti yake hukatika upesi, kila pigo la ngoma likasikika mbali na jingine. Yafaa sana kwa taarabu. Tena sanduku lenyewe huwa dogo, na makosa madogo ya kipimo hayaliharibu. Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika yake mashuhuri ya namna hii mwaka 1954.

Namna ya pili: sanduku lenye bomba

Chukua chupa tupu, upulizie juu ya mdomo wake. Itatoa sauti nzito. Itie maji nusu, upulize tena. Sauti imepanda, kwa kuwa hewa ya ndani imepungua. Sanduku lenye bomba hufuata kanuni hiyo hiyo. Bomba likiwa refu, sauti hushuka. Likiwa fupi, sauti hupanda. Albert Thuras wa Marekani alipewa hataza ya uvumbuzi huu mwaka 1932.

Kwa umeme ule ule, sanduku hili hutoa mdundo mkubwa zaidi. Lakini lataka nafasi kubwa na vipimo sahihi. Tena, sauti ikishuka chini ya ile bomba lilipopimiwa, hewa haiushiki utando tena. Utando huruka kupita kiasi, na spika huweza kuharibika.

Uchague lipi? Kama nafasi ni ndogo, au ndiyo mara yako ya kwanza kuunda, chagua lililozibwa. Kama nafasi ipo, wataka mdundo mkubwa, na fundi ajua kupima, chagua lenye bomba.

Hesabu ya sanduku

Spika nzuri huja na karatasi. Isome kabla ya kugusa msumeno. Karatasi hiyo hutaja lita za hewa ambazo spika yataka. Usiige sanduku la jirani ikiwa spika zenu si za namna moja.

Pima ndani, usipime nje. Tuseme sanduku lina sentimita 45 kwa 40 kwa 30 kwa nje. Zidisha: 54,000. Gawa kwa 1,000: ni lita 54. Lakini ubao una unene wa milimita 18, na kila upande una mbao mbili. Toa sentimita 3.6 katika kila kipimo. Zabaki 41.4, 36.4 na 26.4. Zidisha, upate lita 40 kasoro kidogo. Lita 14 zimeliwa na mbao! Spika na bomba navyo hula nafasi, vitoe pia. Andika yote katika daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ubao na usalama

Tumia plaiwudi nene, ya milimita 18. Ubao wa unga wa mbao huvimba ukilowa, nasi twavuka bahari. Ziba viungo vyote kwa gundi, ndani na nje. Fundi wa mashua hutia kalafati ili maji yasiingie. Wewe waziba ili hewa isitoke.

Lifunge sanduku kwa boliti, lisije likaruka gari ikifunga breki ghafla. Waya wa umeme utiwe fyuzi karibu na betri, kwani waya usio na fyuzi ukigusa chuma huweza kuiunguza gari. Na sauti iwe ya kiasi: dereva asikie honi, na masikio ya abiria yasidhurike.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini spika isiyo na sanduku hupoteza mdundo?
2. Sanduku lina sentimita 50 kwa 40 kwa 30 kwa ndani. Ni lita ngapi?
3. Bomba likifupishwa, sauti hupanda au hushuka?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane majibu yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.