Dhamana Kabla ya Pingu

Mpaka wa viwanja viwili pale Lizaboni au Bombambili, mjini Songea, unaweza kuwa safu ya minyaa tu. Jirani mmoja akiifyeka, mwenzake hukimbilia polisi kulalamikia uharibifu wa mali, na ugomvi wa ardhi unageuka jinai kabla jua halijazama. Nchini Kenya, anayehofia kukamatwa kwa hila huweza kwenda Mahakama Kuu kuomba dhamana kabla ya kukamatwa, akionyesha kwamba haki yake imo hatarini kweli. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, haina mlango huo: dhamana huja baada ya kukamatwa, kituoni au mahakamani. Naamini tunauhitaji, hasa kwa kesi za majirani, kwa kuwa mlalamikaji hapa huwa pia mdai wa ardhi, na usiku mmoja rumande humvunja mpinzani wake nguvu.

Wapo watakaosema tutawapa wakorofi ngao. Hofu hiyo ina uzito, maana mtuhumiwa hulala hatua chache tu kutoka kwa shahidi. Lakini dhamana haizuii upelelezi wala kesi. Jaji anaweza kumtaka aripoti polisi na asiiguse tena ile minyaa. Wengine watasema sharti la kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 linatosha. Je, akikamatwa Ijumaa jioni? Kwa sasa, anayeitwa kituoni afuatane na mdhamini mwenye kitambulisho, na ajue kwamba dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.