Uaminifu wa Mfanyakazi Hutoka Wapi?

Wazee wengi husema kwamba vijana wa siku hizi hawadumu kazini. Sisi wa kidato cha nne twasikia maneno hayo kwa hofu kidogo, maana baadhi yetu tutaanza kwa kazi za siku. Lakini lawama hiyo si mpya. Matajiri wa bandari ya Mombasa waliitoa zamani: kuli alifanya kazi siku chache, akapotea, kisha akarudi alipohitaji fedha. Wakamwita mvivu.

Natutazame jinsi alivyoajiriwa. Aliitwa kibarua, neno litokalo katika "barua", kwa ajili ya kile kikaratasi alichopewa kuonyesha kazi ya siku ile. Alikirudisha, akalipwa, na mapatano yakaisha papo hapo. Meli zikiwa nyingi alitakiwa. Zikiwa chache alirudi kwake mikono mitupu. Je, tajiri asiyemjua mtu wake kesho, atadai vipi uaminifu wa mwaka mzima? Kwa maoni yangu, yeye ndiye wa kutangulia kuuonyesha, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu.

Makuli waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mgomo ukawa mkubwa zaidi: watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, hata watumishi wa majumbani, waliacha kazi. Mishahara ilikuwa midogo, na gharama za maisha zilikuwa zimepanda tangu wakati wa vita. Baraza la Jaji Thacker likawaongezea malipo.

Katika miaka ya 1950 makuli wengi walianza kuandikwa kwa mwezi badala ya siku, nao wakahudhuria kazini vizuri zaidi kuliko zamani. Ni kweli pia kwamba kibarua asiyefika siku za kutosha alifutwa katika daftari. Hofu nayo ilifanya kazi yake. Lakini hofu pekee isingetosha bila mshahara wa kutegemewa.

Mwaka 1955 waligoma tena, na Tom Mboya akasaidia kuwapatanisha na matajiri. Wengine wataona huo ni ukosefu wa uaminifu. Mimi sioni hivyo. Kibarua akichukizwa aliweza kwenda zake kimya. Hawa walikusudia kubaki, ndiyo sababu waligombea mahali pao. Katika miaka iliyofuata, chama chao kilikaa meza moja na matajiri kuzungumza habari za mishahara.