Kama Mungu ni Mwema, Mabaya Yatoka Wapi?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: WEMA, UBAYA. Yasomeni pamoja, kisha tuendelee.

Somo la leo limetoka kwenu. Mama mmoja wa darasa la kijijini, aliyejifunza kuandika mwaka huu, ametuletea barua ya mistari sita. Anasema alimzika mtoto wake, aliyekufa kwa homa wakati wa masika. Watu waliokuja matangani walimwambia kuwa Mungu alimpenda mtoto yule zaidi. Naye anauliza: "Je, watoto wa jirani hawapendi?"

Mama, pole sana. Swali lako si kufuru. Yapata miaka 2,300 iliyopita alikuwako Mgiriki aitwaye Epikuro, ambaye husemwa kuwa aliuliza swali kama hilo. Fundo lenyewe ni hili. Twasema Mungu ni mwema. Twasema aweza yote. Tena twaona mabaya yapo. Ukiondoa neno moja kati ya hayo matatu, fundo linafunguka. Lakini Mkristo na Mwislamu hawakubali kuondoa la kwanza wala la pili, na aliyefiwa hawezi kuondoa la tatu. Wako waliolitazama fundo hili wakasema Mungu hayupo. Wengi wengine wamejaribu kulifungua.

Jibu linalosikika zaidi ni la hiari. Mwaka 1972 watu wengi mno waliuawa katika Burundi, na maelfu wakakimbilia kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale, pamoja na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Baadhi yenu mnaonisikiliza ni watoto na wajukuu wao. Basi, waliofanya mauaji yale walikuwa binadamu. Wenye jibu hili husema kwamba Mungu akitaka watu wapende kweli, sharti awaache waweze na kuchukia. Mbuzi aliyefungwa kamba hasifiwi kwa kutokula shamba la watu. Jibu hili lina nguvu. Lakini nauliza: hiari ya muuaji imelindwa, na hiari ya aliyeuawa je?

Tena kuna mabaya yasiyo na mkono wa mtu. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya bonde la Rukwa, hapa kwetu, ilitikisika kwa tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Tetemeko jingine liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Voltaire wa Ufaransa aliandika kwa hasira juu ya wale waliodai kuwa dunia hii imepangwa vema kuliko zote. Mwenzake, Rousseau, akamjibu kuwa si Mungu aliyejenga maghorofa yale yakasongamana. Ni kweli kwa maghorofa. Mtoto wa mama yetu hakuangukiwa na ghorofa.

Sasa mtazameni ndorobo. Mdudu huyu alileta malale, na katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha watu wa nchi hii ya magharibi na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa huo. Ng'ombe hawakustawi palipojaa ndorobo, basi miombo ikabaki, na wanyama wakabaki. Mwaka 1974 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Na asali ya Inyonga mnaijua wenyewe. Kwa hiyo mtu atasema: tazama, ubaya umezaa wema! Mimi silipendi jibu hili likisemwa upesi. Anayekula asali si yule aliyezikwa.

Wengine hutoa mfano wa chanjo. Mtoto akichomwa sindano humwona mama yake kuwa mkatili, maana hajui sababu. Nasi mbele ya Mungu ni kama mtoto huyo. Mfano ni mzuri, ila mtoto yule amepakatwa, na sauti ya mama yake anaisikia.

Ayubu anajulikana msikitini na kanisani. Katika Biblia rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipoanza kumweleza sababu ya msiba wake ndipo walipokosea, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao. Ayubu, aliyelalamika kwa sauti kubwa, anaambiwa amesema yaliyo sawa. Sababu yenyewe hakupewa. Kwangu mimi, hapo ndipo mama yetu ana mwenzake.

Kazi ya darasa. Zungumzeni kwa dakika ishirini: ni jibu gani kati ya haya lingeweza kusemwa matangani, na lipi lisemwe siku nyingine? Kisha kila mmoja amwandikie mama huyu mistari mitatu. Wasioweza bado kuandika wamtajie mwalimu maneno yao. Barua zikusanywe kabla ya Ijumaa, nasi tutampelekea.

Kwaherini.